Kutumia Programu za Madirisha Zilizoko Kompyuta ya Mbali kwa Laini ya Modemu

Mwongozo huu unamhusu mtu mwenye kompyuta yenye nguvu mahali fulani, tuseme seva ya Linux iliyoko chuoni au ofisini mjini, huku yeye mwenyewe akiwa mahali ambako njia pekee ya kuifikia ni modemu ya simu ya mezani, au simu ya mkononi ambayo pembeni mwa skrini yake huonyesha herufi E au G na si zaidi. Anataka kufungua programu yenye dirisha, menyu na picha, kwa mfano ya kuchora ramani au ya kuchanganua takwimu, programu hiyo ifanye kazi kwenye seva, naye aione na kuiongoza kwa kipanya na kibodi alivyo navyo mezani. Jambo hilo linawezekana, nami nimelifanya kwa miaka mingi, kwanza kwa modemu na baadaye kwa 2G, yaani mtandao wa simu unaoonyeshwa kwa herufi hizo mbili. Kosa ambalo nimeliona likiwakatisha watu tamaa kuliko mengine yote ni kuhesabu kasi ya laini na kusahau kuhesabu safari, yaani mara ambazo upande mmoja huuliza kitu kisha ukakaa kusubiri jibu la upande wa pili. Hatua zinazofuata zimepangwa kwa kuzingatia kosa hilo.

Hatua ya 1: Pima laini kabla ya kuchagua chombo

Modemu za kiwango cha V.90, kilichopitishwa mwaka 1998, hutajwa kuwa za kilobiti 56 kwa sekunde, lakini kasi hiyo ni ya kupokea tu. Ya kutuma haizidi kilobiti 33.6. Nyaya za simu zilizochakaa hushusha kasi zaidi, kwa hiyo ukiunganishwa kwa kilobiti 44 umepata laini nzuri. Kilobiti 44 ni sawa na baiti 5,500 kwa sekunde. Skrini ya pikseli 1024 kwa 768, yenye baiti 3 kwa kila pikseli, ina baiti 2,359,296, na kuituma mara moja tu bila kuibana kungechukua zaidi ya dakika 7. Skrini ya pikseli 800 kwa 600 yenye rangi 256, ambapo kila pikseli ni baiti 1, ina baiti 480,000, nayo ingechukua takriban sekunde 87. Hapo hatujagusa programu yoyote ya kubana data, na tayari mzigo umepungua karibu mara 5 kwa sababu tu tumekubali dirisha dogo zaidi na rangi chache.

Baada ya kasi, pima safari. Kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, andika amri ifuatayo, ukiweka jina la seva yako mahali palipoandikwa seva:

ping -c 20 seva

Soma wastani wa milisekunde unaoonyeshwa mwishoni. Kwa modemu ya simu ya mezani mara nyingi utakuta kati ya 100 na 250. Kwa 2G idadi huweza kuzidi 500. Wanaokumbuka intaneti ya Afrika Mashariki kabla mkongo wa baharini wa SEACOM haujaanza kazi Julai 2009 wanaijua hali hiyo, kwa sababu mawasiliano mengi yalipitia setilaiti zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta, na kila swali na jibu lake vilikula karibu nusu sekunde angani peke yake.

Idadi hiyo ina uzito kwa sababu ya jinsi madirisha ya Linux na Unix yanavyochorwa. Mfumo wa X, ulioanzishwa katika chuo cha MIT nchini Marekani mwaka 1984 na kufikia toleo la 11 mwaka 1987, ulibuniwa tangu mwanzo ili programu ikae kwenye kompyuta moja na skrini ikae kwenye nyingine. Majina yake humchanganya mgeni, kwa kuwa kinachoitwa seva ya X ni kile kilichoko mezani kwako, chenye skrini na kibodi, na programu iliyoko mbali ndiyo mteja wake. Mteja anaposema “chora mstari hapa” hasubiri jibu, lakini anapouliza “dirisha hili lina ukubwa gani?” husimama mpaka ajibiwe. Tuseme programu huuliza maswali 400 ya namna hiyo wakati inafunguka. Kwenye mtandao wa ofisi ambako safari huchukua nusu ya milisekunde, maswali yote yatakwisha kwa sekunde 0.2. Kwenye laini yenye safari ya milisekunde 200 yatachukua sekunde 80, na hata ukiongeza kasi ya laini maradufu, sekunde hizo zitabaki karibu zilezile. Keith Packard na Jim Gettys, ambao wote wawili ni miongoni mwa wajenzi wa mfumo wa X, walipima jambo hili na kuchapisha matokeo mwaka 2003, wakionyesha kwamba kusubiri majibu ndiko kunakoumiza zaidi kuliko wembamba wa laini.

Hatua ya 2: Jiulize kama dirisha linahitajika

Kazi nyingi ambazo watu hufungulia dirisha zinaweza kufanywa kwa maandishi matupu kupitia ssh, programu ya kuingilia kompyuta ya mbali ambayo husimba data, yaani huigeuza isisomeke na wengine: kuhariri faili, kuhamisha faili, kusimamia hifadhidata, hata kuandaa mchoro wa takwimu unaohifadhiwa kama picha ndogo na kuvutwa mara moja. Zifanye hivyo, ndani ya tmux au screen ili zisife laini ikikatika, na uiachie laini yako zile kazi chache ambazo kweli zinahitaji jicho na kipanya.

Hatua ya 3: Itengeneze laini yenyewe

Zima kila kitu kinachotumia intaneti bila wewe kukiomba: masasisho ya mfumo, programu za kuhifadhi nakala mtandaoni, barua pepe inayojivuta yenyewe, na kivinjari kilichoachwa wazi. Kwenye laini ya ofisi vitu hivi havionekani. Kwenye modemu kimoja tu kati yake kinatosha kukufanya uamini kwamba seva imekufa.

Ikiwa unatumia pppd, programu ya Linux inayoiunganisha modemu na intaneti, fikiria kupunguza ukubwa wa pakiti, yaani vipande ambavyo data husafirishwa navyo, kwa kuweka maneno “mtu 576” na “mru 576” kwenye faili la mipangilio. Pakiti ya baiti 1,500 kwenye laini ya kilobiti 44 huchukua sekunde 0.27 kupita, na muda wote huo herufi uliyoibonyeza hukaa nyuma yake kwenye foleni. Pakiti ya baiti 576 hupita kwa sekunde 0.10. Utapoteza kiasi kidogo cha kasi kwa sababu kila pakiti hubeba kichwa chake, lakini kwa mtu anayefanya kazi kwa kipanya, kupungua kwa foleni kuna faida kubwa kuliko hasara hiyo.

Ondoa pia huduma ya simu ya kusubiri, kwa kuwa mlio wake hukata modemu katikati ya kazi. Wenye 2G wajue kwamba simu nyingi husimamisha data kila mtu anapowapigia. Ni vyema laini ya data iwe namba ambayo hakuna anayeijua.

Hatua ya 4: Iandae ssh

Hili ni jambo ambalo maelekezo mengi hulitaja kwa neno moja bila kueleza sababu yake. Modemu nyingi zina kiwango cha V.42bis kinachobana data zenyewe, na kwa maandishi matupu hufanya kazi nzuri. Lakini data iliyokwisha kusimbwa na ssh haina tena mpangilio wowote unaojirudia, na ambapo hakuna kinachojirudia hakuna kinachobanika. Modemu itaipokea, itashindwa kuipunguza, na itaipitisha ilivyo. Kwa hiyo kubana lazima kutangulie kusimba, na mahali pekee panapowezekana ni ndani ya ssh yenyewe, kwa chaguo la herufi C kubwa. Kwenye mtandao wenye kasi chaguo hilo huchelewesha kazi, ndiyo maana huja likiwa limezimwa.

Ili usiliandike kila mara, weka mistari hii kwenye faili ~/.ssh/config:

Host seva
    Compression yes
    ForwardX11 yes
    ServerAliveInterval 60
    ServerAliveCountMax 10
    ControlMaster auto
    ControlPath ~/.ssh/%C
    ControlPersist 10m

Mistari ya ServerAlive huifanya ssh iulizie hali kila dakika na ivumilie kimya cha takriban dakika 10 kabla ya kukata tamaa. Mistari ya Control huruhusu terminali ya pili na ya tatu zipite ndani ya muunganisho uliokwisha kufunguliwa. Faida yake ni ileile ya safari: kuanzisha muunganisho mpya wa ssh kunahitaji maulizano kadhaa ya kwenda na kurudi, na kwenye 2G unaweza kukaa sekunde nyingi ukisubiri tu kuombwa nenosiri.

Usipoteze muda kutafuta mbinu ya kusimba iliyo nyepesi zaidi. Ushauri huo ulianza zama za kompyuta dhaifu, na laini inayopitisha baiti 5,500 kwa sekunde haiwezi kuichosha kompyuta yoyote ya leo.

Hatua ya 5: Jaribu X ndani ya ssh kwa programu ndogo

Hakikisha kwamba kwenye seva faili /etc/ssh/sshd_config lina mstari “X11Forwarding yes” na kwamba programu ya xauth, inayotunza ruhusa za X, imewekwa. Kisha ingia na uangalie, ukiweka jina lako la kuingilia mahali pa asha:

ssh -C -X asha@seva
echo $DISPLAY

Jibu linapaswa kufanana na localhost:10.0. Ukiona mstari mtupu, X haikupitishwa, na ukaguzi uanzie kwenye vitu hivyo viwili. Ukiona jibu, fungua xterm na upime kwa macho.

Programu za zamani kama xterm, xfig na dirisha la gnuplot husafiri vizuri kwa njia hii, kwa sababu hutuma amri za kuchora: mstari kutoka hapa hadi pale, herufi hizi kwa fonti ile. Amri ya namna hiyo ni baiti chache tu. Programu nyingi za sasa, zilizojengwa kwa GTK au Qt, ambazo ni maktaba za kutengenezea madirisha, hujichorea kila kitu zenyewe kisha hutuma picha iliyokamilika, pikseli kwa pikseli, na hapo kubana kwa ssh hakuwezi kuokoa mengi. Nisingemshauri mtu afungue kivinjari cha kisasa kwa njia hii kwenye modemu. Atasubiri dakika nyingi kuona menyu moja, na ataondoka akiamini kwamba jambo lote haliwezekani.

Kuna mtego mwingine. Kwenye mifumo inayofuata mpangilio asilia wa OpenSSH, chaguo la -X hukoma kukubali madirisha mapya baada ya dakika 20, na kwenye laini ya taratibu dakika 20 hupita kabla hujamaliza kazi ya kwanza. Unaweza kuongeza muda huo kwa mstari wa ForwardX11Timeout, au kutumia -Y isiyo na kikomo hicho. Tumia -Y kwa seva unayoiamini kikamilifu tu, maana programu iliyoko huko itaweza kusoma hata unachoandika kwenye madirisha yako mengine.

Hatua ya 6: Kwa kazi ya kweli, tumia X2Go

Kwa mtu aliye na seva ya Linux na laini ya modemu, hiki ndicho chombo ninachokipendekeza kabla ya vingine vyote. X2Go imejengwa juu ya teknolojia ya NX iliyobuniwa na kampuni ya NoMachine, na ubora wake hautokani na kubana data peke yake. Upande wa seva huweka wakala anayekaa jirani na programu. Programu inapouliza “dirisha lina ukubwa gani?”, wakala hujibu papo hapo, kwa kuwa anaijua hali ya skrini, na swali halipiti kwenye laini kabisa. Yale maswali 400 ya mfano wetu huishia ndani ya seva. Kinachovuka laini ni michoro yenyewe, ikiwa imebanwa, na vipande vilivyokwisha kutumwa huwekwa kwenye akiba ili wakati mwingine itajwe namba yake tu badala ya kutumwa upya.

Kwenye seva ya Debian au Ubuntu weka vifurushi hivi:

sudo apt install x2goserver x2goserver-xsession

Na kwenye kompyuta yako:

sudo apt install x2goclient

Ikiwezekana, vipakue ukiwa mjini kwenye laini yenye kasi. Fungua x2goclient, tengeneza kikao kipya, andika jina la seva na jina lako la kuingilia, kisha nenda kwenye kichupo cha muunganisho. Hapo kuna kipimo chenye ngazi tano, kuanzia Modem hadi LAN. Kisogeze hadi Modem. Kwa mbinu ya kubana picha, ile ya jpeg yenye ubora wa chini hufaa kwa ramani na picha za angani. Kwa programu zenye maandishi na vitufe vingi png husomeka vizuri zaidi, kwani jpeg huzipaka herufi ukungu.

Kwenye aina ya kikao, chagua programu moja badala ya eneo-kazi zima, na uandike jina la amri yake. Kila paneli, saa na alama ya eneo-kazi ni kitu cha kuchorwa, na hukukipigia simu ili kukitazama. Ukilazimika kupata eneo-kazi zima, chagua XFCE au LXDE na uiepuke GNOME ya sasa, ambayo inategemea uchoraji wa kadi ya picha na haipatani na NX. Kwenye XFCE zima vivuli na uwazi wa madirisha kwa amri hii:

xfconf-query -c xfwm4 -p /general/use_compositing -s false

Weka ukubwa wa dirisha kuwa 800 kwa 600, au 1024 kwa 768 ikiwa programu haikubali udogo huo. Mara ya kwanza kufungua itachukua muda, kwa hiyo usibonyeze tena na tena: kila bonyezo litasubiri kwenye foleni kisha yote yatatekelezwa kwa pamoja. Baada ya madirisha makuu kuchorwa mara moja, akiba huanza kufanya kazi na mwendo hubadilika waziwazi.

Laini ikikatika, programu haifi. Kikao hubaki kwenye seva kikiwa kimesimamishwa, nawe ukiunganisha tena utaulizwa kama unataka kukiendeleza. Kwa mtu wa laini mbovu sifa hii ina thamani sawa na kasi. Mwenye X tupu ndani ya ssh hupoteza dirisha na kazi ambayo hakuihifadhi mara tu modemu inapokata. Hilo limewahi kunigharimu kazi ya jioni nzima.

Hatua ya 7: VNC na RDP, pale X2Go isipowezekana

VNC ilizaliwa katika maabara ya Olivetti huko Cambridge, Uingereza. Yenyewe haijui mistari wala herufi. Hutazama skrini nzima na kutuma pikseli zilizobadilika. Kwa hiyo huhitaji baiti nyingi zaidi, lakini safari zake ni chache na karibu kila mfumo unaikubali. Anzisha seva yake ikiwa ndogo na iliyofungwa kwa watu wa nje:

tigervncserver :1 -geometry 800x600 -depth 16 -localhost yes

Kisha fungua handaki la ssh, yaani njia ya kupitishia data ya programu nyingine ndani ya ssh, na uliache wazi, halafu kwenye terminali nyingine fungua programu ya kutazamia:

ssh -C -L 5901:localhost:5901 asha@seva
vncviewer -AutoSelect=0 -PreferredEncoding=Tight -FullColor=0 -LowColorLevel=2 localhost:1

Usiliruke handaki. Nenosiri la kawaida la VNC huishia kwenye herufi 8, na kuuacha mlango wa 5901, yaani namba ambayo VNC hii huunganishwa nayo, wazi kwenye intaneti ni hatari. Usiache pia kutaja mbinu ya kubana ya Tight kwa jina: baadhi ya programu za kutazamia, hasa za zamani, zikiona neno localhost hudhani kwamba seva iko kwenye kompyuta ileile na huomba pikseli ghafi zisizobanwa, na hapo zile sekunde 87 tulizozihesabu zinakurudia kila skrini inapobadilika.

Ikiwa kompyuta ya mbali ni ya Windows, RDP, njia ya Windows yenyewe ya kutumiwa kutoka mbali, ni bora kuliko VNC. Kwenye programu ya Windows ya kuunganishia, chagua Modem (56 kbps) kwenye kichupo cha Experience, acha akiba ya picha ikiwa imewashwa, na punguza rangi. Kwa mwenye Linux anayetumia rdesktop, chaguo “-x m -z -P -a 8” humaanisha hayo hayo: hali ya modemu, kubana, akiba inayodumu na rangi 256. Mlango wake, 3389, nao upitishwe kwenye handaki.

Hatua ya 8: Ipunguzie programu mapambo

Chochote kinachotikisika kwenye dirisha hulipiwa. Ondoa picha ya mandharinyuma na uweke rangi moja. Zima mwendo laini wa kuteremsha ukurasa, alama zinazozunguka, na vidokezo vinavyojitokeza kipanya kikipita. Hata kishale cha kuandikia kinachopepesa huleta mchoro mpya mara moja au mbili kila sekunde. Kwa programu za GTK zinazofuata mipangilio ya GNOME, amri mbili hizi hufaa:

gsettings set org.gnome.desktop.interface cursor-blink false
gsettings set org.gnome.desktop.interface enable-animations false

Jizoeze njia za kibodi. Kufungua faili kwa Ctrl na O huchora dirisha moja. Kupita kwenye menyu kwa kipanya huchora na kufuta orodha kadhaa kabla hujafika. Ili kusogea kwenye waraka, tumia Page Down badala ya kuburuta upau wa pembeni. Kwenye programu ya ramani, zima tabaka usizozihitaji na usimamishe uchoraji wa papo kwa papo. Andika kipimo unachokitaka kwenye kisanduku chake kisha uchore mara moja, kwa maana gurudumu la kipanya huchora ramani nzima upya kwa kila mzunguko.

Hatua ya 9: Kuvuta faili na kufunga kikao

Faili utakazozalisha zisivutwe wakati dirisha liko wazi, labda uziwekee kikomo:

rsync -z --partial --bwlimit=1 asha@seva:ramani.png .

Chaguo la --partial huhifadhi kilichokwisha kufika ili laini ikikatika usianze mwanzo, na --bwlimit=1 huiachia programu sehemu kubwa ya laini kwa kuuzuia uvutaji usizidi kilobaiti 1 kwa sekunde.

Unapomaliza, amua kama unasimamisha au unafunga. Ukitaka kuendelea kesho, kitufe cha kusimamisha cha X2Go kinatosha. Ukiwa umemaliza kabisa, funga programu kutoka ndani yake, kisha uhakikishe kwenye seva kwamba hakuna kilichobaki kikila kumbukumbu ya kompyuta ambayo huenda watumiaji wengine wanaihitaji:

x2golistsessions
tigervncserver -kill :1

Amri ya kwanza huorodhesha vikao vyako vya X2Go vilivyo hai na vilivyosimamishwa. Ya pili huifunga VNC ya namba 1. Baada ya hapo toka kwenye ssh, ufunge muunganisho uliobaki nyuma kwa “ssh -O exit asha@seva”, na ndipo ukate simu.